Janti zinazovumilia mawe ya Goma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu magurudumu ya kuteremkia mlima

Maswali haya tunaulizwa karibu kila Jumamosi, baiskeli ikiwa imelala chali na mwenyewe amechuchumaa pembeni, anaizungusha janti polepole kana kwamba itajinyoosha yenyewe. Wengi huanza na "janti gani ndiyo ngumu?" Sisi huanza na jingine: ikipinda, nani hapa mjini ataweza kuinyoosha, na kwa vifaa gani? Majibu mengi hapa chini yanatoka kwenye swali hilo la pili.

## Mambo ya kwanza

1. Janti na rimu ni kitu kimoja?

Ndiyo. Goma na Bukavu tumezoea maneno yaliyotoka kwenye Kifaransa: janti, rayo. Mzigo unaopitia Kampala huja na maneno ya mashariki: rimu, spoki, habu. Humu tutasema *janti* kwa duara linaloshika tairi, *rayo* kwa nyaya zinazolivuta kuelekea katikati, *nati* kwa vichwa vidogo vinavyokaza rayo kwenye janti, na *kitovu* kwa kiini chenye gololi. Vyote vikiungwa ndilo gurudumu.

Inafaa kuyatenganisha kabla ya kutoa pesa. Watu wengi walioambiwa "gurudumu limekufa, nunua jingine" walihitaji janti peke yake, na kitovu chao kizima kikaishia kwenye lundo la vyuma.

2. Kwa nini magurudumu hufa haraka Goma?

Jiwe. Mji umekaa juu ya lava ya Nyiragongo. Ile ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Ile ya 22 Mei 2021 ilisimama pembezoni, upande wa Buhene. Lava ya mlima huu ni nyepesi, hutiririka kama uji, na ikipoa huacha uso wenye vitundu na kingo kali. Jiwe la mtoni limelainishwa na maji miaka mingi, hili letu bado lina meno. Tena limeshikamana na ardhi. Ukigonga jiwe lililolegea, linaruka na kuondoka na sehemu ya kishindo. Ukigonga bamba la lava, kishindo chote kinabaki kwenye tairi yako, kisha kwenye janti.

Halafu kuna ule mchanga mweusi. Ukiingia kwenye gololi au kati ya breki na janti, unasaga kama msasa (tazama swali la 15).

3. Naweza kuteremka na ile baiskeli ya kawaida ya kubebea mizigo?

Kwa mwendo wa mizigo, ndiyo, watu wanashuka nayo kila siku. Kwa mwendo wa kuruka mawe, hapana. Magurudumu yake makubwa ya inchi 28 yana janti ya milimita 635, saizi ambayo tairi pana ya mlimani haipo, na janti zenyewe mara nyingi ni za chuma: nzito, na breki hazishiki vizuri zikilowa.

## Kuchagua janti

4. Alumini au kaboni?

Alumini. Kaboni si mbaya. Kuna wanaoshindana nayo kwenye Kombe la Dunia la kuteremka na kushinda. Lakini hao wana fundi kwenye hema na gurudumu jingine limeshafungwa tayari. Alumini ikipigwa inabonyea, unashuka nayo, jioni unaivuta kwa koleo. Kaboni huvumilia, huvumilia, halafu inapasuka, na ikishapasuka hakuna fundi wa mtaa wa Birere hapa Goma atakayeirudisha.

Nilinunua janti moja ya kaboni ya mtumba miaka iliyopita kwa sababu muuzaji aliniinulia kwa kidole kimoja. Nyepesi kweli. Iliniishia kwenye mteremko wa Kibumba kwa sauti kama ya tawi kavu, na nyuzi nyeusi zikabaki zimesimama kama nywele. Nikaisukuma baiskeli mpaka Kibati.

Uzito usikutishe. Janti ya alumini iliyotengenezwa kwa ajili ya kuteremka kwa kawaida ina gramu 500 hadi 650 hivi. Ukiona ya gramu 400, imetengenezwa kwa mtu anayepanda, si kwa wewe unayeshuka.

5. Iwe na upana gani?

Pima ndani, kati ya kuta mbili zinazoshika tairi, si nje. Kwa tairi za inchi 2.4 hadi 2.5, ambazo ndizo za mchezo huu, milimita 28 hadi 30 zinakaa vizuri. Milimita 25 bado inafaa, na hapa ina faida yake: ubavu wa tairi hautokezi sana, na kwenye lava ubavu ndio unaochanika kwanza. Chini ya 23 tairi inajikunja kwenye kona. Zaidi ya 35, ukingo wa janti unakuwa karibu mno na jiwe.

6. Rayo 28, 32 au 36?

32. Hesabu ni rahisi. Rayo moja ikikatika kati ya 32, gurudumu linacheza kidogo, unalegeza za jirani na kufika nyumbani. Ikikatika kati ya 24, linagusa uma unaolishika na siku imekwisha. Janti na vitovu vya matundu 32 ndivyo pia vinavyopatikana kwa urahisi kuliko vingine, na kumbuka matundu ya kitovu lazima yalingane na ya janti. 36 ni nzuri kwa mtu mzito (swali la 18), ila vitovu vya kisasa vya aina hiyo ni adimu.

7. Saizi ya 26 bado inafaa, au nihamie 29?

Namba hizo hupotosha. Kinachopimwa ni mahali tairi inapokalia: 26 ni milimita 559, 27.5 ni 584, na 29 ni 622. Gurudumu kubwa linapita juu ya mashimo ambayo dogo linatumbukia, ndiyo maana 29 iliingia kwa nguvu kwenye mashindano ya kuteremka mwaka 2017. Miaka miwili baadaye shirikisho la dunia, UCI, likaruhusu kuchanganya: 29 mbele, 27.5 nyuma.

Lakini janti ndogo, mambo mengine yakiwa sawa, ni ngumu kupinda, na rayo zake ni fupi. Isitoshe, tairi za 26 zimejaa kwenye mitumba. Ukiwa na baiskeli nzuri ya 26, usiiuze kwa sababu ya mtindo. Ukianza upya, nunua 29 au mchanganyiko, kwa kuwa watengenezaji wa tairi nzito wameshaipa 26 kisogo.

8. Nitajie majina.

Kwa tuliyoyaona yakivumilia: DT Swiss EX 471 (ndani milimita 25), EX 511 na FR 560 (zote mbili 30). Mavic za zamani, EX 823 na D521, bado zinaonekana kwenye mitumba na bado ni chuma cha kuaminika zisipokuwa na nyufa. Tazama pia ukuta wenyewe. Shika ukingo kwa vidole viwili: ulio mnene na wa mviringo hugawanya pigo, mwembamba kama ukingo wa sahani hukata tairi yako mwenyewe.

Ila janti isiyo na jina, iliyofungwa vizuri, hushinda ya jina kubwa iliyofungwa ovyo. Soma swali la 12 kabla ya kutuma pesa Ulaya.

## Rayo, nati na kitovu

9. Rayo nene moja kwa moja, au zilizopunguzwa katikati?

Watu hudhani nene ndiyo ngumu. Rayo haikatiki katikati. Hukatika kwenye kiwiko, pale inapoingia kitovuni, kwa uchovu wa kulegea na kukazwa maelfu ya mara. Rayo ya milimita 2.0 kwenye ncha na 1.8 katikati hunyumbuka kidogo pale kwenye wembamba wake, kiwiko kinapumzika. Kwa hiyo hudumu zaidi.

Lakini hapa mjini za 2.0 moja kwa moja ndizo zinazopatikana, na zinafanya kazi. Ukiagiza zilizopunguzwa katikati, agiza na kumi za ziada. Epuka zile zisizo na kiwiko, zilizonyooka kama msumari, kwa sababu moja tu: siku ikikatika, huipati.

10. Kuna tofauti gani kati ya nati za shaba na za alumini?

Za alumini ni nyepesi na zina rangi za kupendeza. Baada ya misimu miwili ya mvua na maji ya kuziba tairi, zinashikana na rayo, na ufunguo ukizigusa zinaviringika pembe. Chukua shaba. Beba pia ufunguo wako, kwa maana zipo za milimita 3.23 na za 3.45, na ufunguo mkubwa kwenye nati ndogo huila.

11. Nitajuaje kitovu kitaingia kwenye fremu yangu?

Pima nafasi kati ya masikio ya fremu, ndani kwa ndani, kisha unene wa ekseli. Nyuma utakutana na milimita 135 kwenye baiskeli za zamani, 142 au 148 zenye ekseli ya milimita 12, na 150 au 157 kwenye baiskeli za kuteremka. Mbele ni 100 au 110, ekseli ya 15 au 20. Pima kwa rula kabla ya kuvuka mpaka kwenda Gisenyi kutafuta. "Inafanana" haijawahi kuingia.

Upande wa gololi, kitovu chenye gololi zilizofungwa kwenye kasha hubadilishwa kasha zima. Andika namba iliyo kwenye ubavu wake, mfano 6902, uipeleke kwa wauza vipuri vya pikipiki. Ni namba za kawaida duniani kote, na mara nyingine unayahangaikia Ulaya yapo rafu ya tatu hapo Birere.

12. Rayo zikazwe kiasi gani, na kama sina kipimo?

Hili ndilo swali ambalo lingeokoa magurudumu mengi zaidi kuliko mengine yote humu. Rayo iliyolegea ndiyo inayokatika. Zikilegea, kila jiwe linaiachia rayo na kuivuta tena, na kiwiko kinachoka. Kwa janti ngumu ya alumini, kiwango ni kilo 100 hadi 120 za mvuto kwenye upande uliokazwa zaidi: nyuma ni upande wa cheni, mbele yenye diski ni upande wa diski. Upande wa pili huwa chini, na hilo si kosa la fundi.

Bila kipimo, tumia masikio. Piga rayo kwa ukucha moja baada ya nyingine, kama mtu anayejaribu nyuzi za gitaa, ukienda upande mmoja kwanza halafu mwingine. Zote za upande mmoja zitoe sauti iliyokaribiana. Ile inayolia *tuf* badala ya *ting* imelegea, hata kama janti inaonekana imenyooka. Kuna fundi mmoja tunayemheshimu anayefunga macho akifanya hivyo. Tulimcheka, mpaka tulipomletea kipimo na rayo zake zikatoka karibu sawasawa.

Kisha: shika rayo mbilimbili, pande zote, uzibane kwa nguvu kwa viganja. Utasikia zikikwaruza na kukaa sawa. Nyoosha tena. Gurudumu jipya lisilobanwa hivi hulegea siku ya kwanza, na mwenyewe hurudi akilalamika kwamba janti ni mbovu. Baada ya mteremko wa kwanza lirudie tena, na baadaye kila mwezi.

## Upepo na tairi

13. Nitie upepo kiasi gani?

Mtu wa kilo 70, tairi pana isiyo na mpira wa ndani: mbele 1.6 bar hivi, nyuma 1.8 au 1.9. Ukiwa na mpira wa ndani ongeza 0.2 hadi 0.3, la sivyo jiwe litaubana dhidi ya janti na kutoboa matundu mawili sambamba kama meno ya nyoka. Kila kilo kumi zaidi za mwili, ongeza kama 0.1.

Dawa ya kienyeji ya "jaza mpaka iwe jiwe" inalinda janti na kukutupa wewe: tairi ngumu inaruka juu ya lava badala ya kuishika. Upungufu nao unaua janti. Ukisikia *kong* ya chuma zaidi ya mara moja kwenye mteremko mmoja, ongeza 0.1 urudi.

Geji za pampu za mitaani hazikubaliani. Nunua moja, hata kama inadanganya. Mradi idanganye vilevile kila siku.

14. Kutumia tairi bila mpira wa ndani kunafaa huku? Na sponji?

Kunafaa sana, kwa masharti matatu. Mkanda wa ndani ya janti uwe na upana unaozidi upana wa ndani kwa milimita mbili tatu, bila kukunjamana. Tairi iwe na ubavu mnene. Na maji ya kuziba yaongezwe kila miezi miwili au mitatu, kwa sababu hukauka na kubaki ngozi isiyoziba chochote. Mkanda wa kukata kutoka mpira wa pikipiki, ule tunaoujua wote, ni mzuri chini ya mpira wa ndani tu.

Sponji linalokaa kati ya tairi na janti ndilo ongezeko moja tunalolipendekeza kabla ya janti ya bei. Gurudumu moja huongezeka gramu 100 hadi 250. Weka la nyuma kwanza. Siku utakayoliweka utalia na vidole, sponji zito haliingii kwa upole.

## Mtumba na mambo ya pembeni

15. Baiskeli yangu ina breki zinazoshika janti. Kuna shida?

Kuna muda wa kuhesabu. Kila ukishika breki unakula ukuta wa janti, na kwa mchanga wetu unaula haraka. Laza ukingo wa rula kwenye ukuta ule: ukiona mwanga katikati, ukuta umekuwa bonde. Bonde likionekana kwa jicho bila rula, usishuke nayo tena. Upepo ulio ndani unaweza kuufumua ukuta huo wakati wowote, na kwa kawaida huchagua wakati breki imeshika.

16. Nikiwa kwenye lundo la mitumba, naangalia nini?

Usianze na rangi. Zungusha janti karibu na kidole chako kilichotulia, uone inavyocheza kulia na kushoto, halafu juu na chini. Kucheza pembeni hurekebishika. Kucheza juu na chini mahali pamoja ni pigo, na pigo kubwa halirudi. Futa vumbi kuzunguka kila tundu la rayo: nyufa huanzia hapo, nyembamba kama unywele, zikitoka tunduni kama miguu ya buibui. Ukiona hata moja, irudishe kwenye lundo. Janti yenye ufa haichomelewi, mwenye kukuambia inachomelewa anauza kazi ya kuchomelea.

Mwisho shika tairi ulisukume pembeni. Kitovu kikigongagonga, gololi zimekwisha. Hilo ni punguzo la bei, si sababu ya kukimbia (swali la 11).

17. Ukingo umebonyea. Niuvute kwa koleo?

Ndiyo, mara moja, mara mbili. Toa tairi, funga kitambaa au kipande cha tairi kuukuu kwenye meno ya koleo la kurekebishika, vuta kidogokidogo. Usilenge uzuri, lenga tairi ikae na upepo usitoke. Alumini inayopindwa na kurudishwa hapohapo mara ya tatu hupasuka. Kama tairi bado inakaa, liache bonyeo lako kama lilivyo.

18. Nina kilo 100 na zaidi.

Usibadilishe kila kitu. Rayo 36 nyuma ukizipata, 32 mbele, sponji nyuma, upepo kama ulivyoelezwa katika swali la 13, na masikio ya swali la 12 kila wiki mbili badala ya kila mwezi.

19. Rayo imekatika, nipate ya urefu gani?

Usitupe iliyokatika. Ikiwa vipande viwili, vipange na upime kuanzia ndani ya kiwiko mpaka ncha. Milimita mbili zikizidi, rayo inatokeza ndani na kutoboa mkanda. Zikipungua sana, nati inashika nyuzi chache na kuvunjika. Kulia na kushoto huwa tofauti mara nyingi, kwa hiyo pima ya upande uleule.

20. Niko Bukavu, mawe yenu hatuna. Yote haya yananihusu?

Nusu. Shida yenu ni tope jekundu na miteremko ya kuelekea ziwani inayolazimisha breki muda mrefu. Kwenu kitovu hufa kabla ya janti: ikaushe baiskeli, usiipige maji ya kasi kwenye gololi, na chagua tairi yenye meno marefu yaliyoachana ili tope lidondoke. Janti ya milimita 28 hadi 30 inawafaa kuliko sisi. Kuhusu njia zipi ziko wazi kwa sasa, huku na huko, waulize wenyeji kabla ya kupanda.

21. Chukudu, lile gari letu la mbao la magurudumu mawili, linashuka na magunia ya viazi, gurudumu la mbao, halina rayo hata moja. Kwa nini tusiige?

Huulizwa kwa mzaha, lakini ni swali zuri. Gurudumu la chukudu ni pande la mbao ngumu lililovishwa ukanda wa tairi kuukuu, katikati lina gololi. Halipindi, halipasuki upepo, na aliyelichonga anaweza kuchonga jingine. Kwa kipimo chetu cha mwanzo, yaani nani atakutengenezea hapa mjini, limeshinda janti zote tulizozitaja.

Linaposhindwa ni kwenye mwendo. Mbao hazinyonyi kishindo. Chukudu hushuka likitegemea uzito na ustadi wa mwenyewe, halirushwi juu ya mawe.

22. Tairi imepasuka katikati ya mteremko. Nishuke hivyohivyo?

Kwenye Kombe la Dunia huko Leogang, Austria, mwaka 2014, Mmarekani Aaron Gwin alipasukiwa mapema akashuka mpaka chini, tairi ikatoka njiani na janti ikabaki tupu. Video hiyo imewaponza vijana wengi hapa. Yeye hakuwa anailipia ile janti.

Wewe shuka chini, sukuma. Kama giza linaingia na lazima uende, jaza majani ndani ya tairi mpaka ishibe, nenda mwendo wa mtu anayetembea, simama ukisikia chuma. Na siku nyingine funga rayo mbili za akiba kwenye fremu kwa mkanda, moja ya kulia, moja ya kushoto.